Office ya mtumba mtandaoni: nitajuaje leseni ni halali kabla sijatuma hela?

MamaNuru_Moro

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapanga tasnifu za wanafunzi, na msimu wa mikopo ukifunguliwa tunajaza fomu za Bodi ya Mikopo asubuhi hadi usiku. Kompyuta ni tatu, zote laptopu za mtumba kutoka Uingereza, nilizinunua Kariakoo kwa watu tofauti.

Sasa Word kwenye mashine mbili imeleta mstari mwekundu juu, inasema haina leseni, inafungua faili lakini haikubali kuandika. Aliyeniuzia hapokei simu. Nataka leseni ya kweli, lakini mpya kwa mashine zote tatu siziwezi. Nimepata watu watatu. Wa kwanza yuko WhatsApp, anauza "Office 2021 Professional Plus, ya maisha" kwa 30,000. Wa pili yuko eBay, anasema anatuma kutoka Ujerumani, bei ya chini na nyota nyingi. Wa tatu ana "Office 365 ya maisha", ananipa jina la kuingilia na nywila, natumia kwenye vifaa vitano.

Je, leseni ya programu inauzwa mtumba kihalali? Na nimuulize nini muuzaji kabla hela haijatoka? Naomba nisishauriwe ya kuchakachua. Kwenye mashine hizi mna vyeti vya watu, namba za NIDA, nywila za Ajira Portal. Nikiingiziwa kitu, wanaoumia ni watoto wa wenzangu.

Mdau_Udom

Mama, Bongo hii nani ananunua Office? Kuna kiprogramu cha kuiwasha, dakika mbili tu. Unazima antivirus kwanza, unakibonyeza, kwisha. Nimemaliza nacho chuo.

Fundi_Aggrey

Mama Nuru, pole na usumbufu. Natengeneza kompyuta hapa Kariakoo na swali lako naletewa kila mara, acha nilijibu kwa urefu.

Mdogo wangu Mdau, kitu ambacho hakifanyi kazi mpaka uzime ulinzi wa mashine hakiwekwi kwenye mashine ya biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za wateja zikivuja, atakayeulizwa ni mwenye duka, si aliyetengeneza kiprogramu.

Sasa mtumba. Leseni inaweza kuuzwa tena, ila si kila leseni. Simu ya mtumba ukiishika, muuzaji hanayo tena. Herufi 25 za ufunguo wa kuwashia programu anaweza kuziuza kwa watu wengi na kila mmoja akaamini ni zake. Kwa hiyo, mama, usinunue herufi. Unanunua haki aliyokuwa nayo mtu wa kwanza, na huyo mtu lazima aweze kuonyesha aliipataje na anaiachaje. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo mawili hana cha kukuuzia, hata awe na nyota elfu.

Wa WhatsApp: jina "Professional Plus" peke yake linanitosha. Microsoft haiuzi toleo hilo dukani kwa mtu mmoja mmoja, ni la kampuni na taasisi zinazonunua leseni kwa wingi. Za dukani ni kama Home and Student na Home and Business. (Hiyo Home and Student nayo si ya biashara, kwa steshenari haikufai.) Ufunguo wa 30,000 umechomolewa kwenye leseni ya taasisi fulani. Utawaka, sikatai. Siku Microsoft wakiona umetumika kupita idadi iliyolipiwa wanaufungia, unarudi kwenye mstari mwekundu. Angalia pia kama anakwambia usiiwashe kwa intaneti, bali umpigie picha tarakimu ndefu za kwenye skrini naye akurudishie tarakimu nyingine. Hiyo ni njia ya kuwasha kwa simu, na wanaikimbilia kwa sababu ufunguo umeshagoma mtandaoni.

Wa 365: hakuna 365 ya maisha. Ni huduma ya kulipia kwa mwezi au mwaka, malipo yakikoma nayo inakoma. Anachokupa ni nafasi ya mtumiaji ndani ya akaunti ya taasisi isiyo yako. Tazama jina la kuingilia, mara nyingi linaishia na onmicrosoft.com. Msimamizi wa akaunti hiyo anaweza kubadili nywila yako kesho, na ukihifadhi kazi OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, anaweza kuzifikia. Tasnifu za wanafunzi na vyeti vya kuzaliwa vikae kwa mtu usiyemjua sura? Hapana, mama.

Kuna jambo moja wauzaji waaminifu wenyewe hawalijui. Office ya dukani ikishasajiliwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu, inakaa humo, haihamishiki kwenda akaunti nyingine. Kwa hiyo kuna wanaokwambia "nakupa akaunti yangu yote". Usikubali. Barua pepe na simu ya kurejesha nywila ni zake, akitaka ataichukua hata baada ya mwaka. Ya mtumba inayofaa ni kadi au boksi ambalo halijafunguliwa, ufunguo haujakwanguliwa, na risiti ya aliyenunua kwanza. Mara nyingi ni ofisi iliyonunua kadi sita ikatumia nne. Soma nyuma ya kadi, nyingine zimeandikwa eneo ambalo zinaruhusiwa kuwashwa, na iliyotengwa kwa eneo lingine itakukatalia hapa.

Ukimpata mtu wa hivyo, muulize ni toleo gani kwa jina kamili, alinunua wapi, risiti ina jina la nani, na kwa nini anaiuza. Mwambie mkutane dukani kwako, kadi ikwanguliwe mbele yako, uisajili kwenye akaunti yako mwenyewe, ikikubali ndipo ulipe. Kama yuko mbali na lazima utume kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujabonyeza kukubali. Likiwa si la kwenye risiti wala kitambulisho alichokutumia, acha hapo hapo. Hela ya mtandao wa simu ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni shida kubwa.

Halafu Windows ya hizo laptopu, ambayo hukuiuliza. Huo ndio mtumba halali kuliko wote na watu hawaujui. Mashine za ofisi za Uingereza, Dell, HP, Lenovo, huwa zinatoka kiwandani na Windows Pro, na tangu enzi za Windows 8 ufunguo huandikwa ndani ya mashine yenyewe. Leseni hiyo haichomolewi, ila inasafiri na mashine kwa kila anayeinunua. Ni yako. Tatizo ni baadhi ya wauzaji wanaofuta na kuweka toleo la Enterprise, lile la makampuni, lililochakachuliwa juu ya leseni safi. Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika slmgr /dli, soma neno lililo kabla ya "channel" kwenye mstari wa Description. Ukiona OEM_DM, yaani leseni ya kiwandani, salama. RETAIL, yaani ya dukani, salama kama kuna risiti. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye mashine ambayo si ya kampuni, imechakachuliwa. Uwashaji wa aina hiyo hudumu siku 180 na lazima mashine iwe inawasiliana na seva ya kampuni. Ikikosa seva ya kweli, kuna kitu ndani kinajifanya seva.

Niletee majibu ya mashine zote tatu.

Mswahili_Hamburg

Nichangie kuhusu huyo wa Ujerumani, niko huku na kazini kwetu tumenunua leseni za mtumba kwa miaka. Huku ni halali kabisa. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Oracle na kampuni ya UsedSoft ya Munich: programu ikiuzwa kwa malipo ya mara moja na kwa muda usio na kikomo, aliyeinunua anaweza kuiuza tena, hata kama aliipakua mtandaoni. Wauzaji wote hunukuu sehemu hiyo. Hawanukuu iliyobaki. Mahakama ilisema muuzaji lazima afanye nakala yake isitumike tena pale anapoiuza, na kwamba leseni ya watumiaji wengi haigawanywi vipande vipande. Aliyenunua ya watu 25 hawezi kubaki na 15 akauza 10.

Mfanyabiashara wa kweli huku hukupa ankara, hati inayoonyesha leseni ilitoka kampuni gani, na tamko la maandishi kuwa mwenyewe wa kwanza ameifuta. Bila makaratasi hayo, maneno "halali kwa sheria ya Ulaya" ni mapambo. Tena, hukumu hiyo ni ya Umoja wa Ulaya, haikufuati Morogoro. Marekani mwaka 2010, mwaka niliofika huku, mahakama ya rufani ilimkatalia mtu aliyekuwa akiuza eBay nakala za mtumba za AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, ikasema aliyemuuzia alipewa leseni tu, hakuwa mmiliki. Kila nchi ina lake.

Prodyuza_Kisauni

Shikamoo mama. Mimi ni wa studio hapa Mombasa. Kwetu programu za muziki za mtumba zanunuliwa sana, na baadhi ya watengenezaji wana njia rasmi: muuzaji anaingia akaunti yake, anaihamisha leseni kwenda akaunti yako, wewe waiona kwa jina lako. Mtu akikataa njia hiyo, mimi simlipi. Atakayetafuta Cubase, programu ya kurekodia muziki, azihadhari za zamani ambazo leseni yake iko kwenye kile kidude cha USB cha eLicenser. Huduma hiyo ilifungwa Mei 2025, na leseni zake hazihamishwi tena.

MamaNuru_Moro

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimemuuliza wa WhatsApp kuhusu risiti, akasema nisijisumbue, nimpe tu namba ya AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali, aingie anisakinishie mwenyewe. Nimemzuia. Wa eBay nimemwandikia nikiomba tamko la kufutwa, amejibu "ufunguo unafanya kazi asilimia mia", hakujibu nilichouliza. Nimeachana naye.

Fundi, majibu: HP mbili zinasema OEM_DM. Dell inasema VOLUME_KMSCLIENT na toleo ni Enterprise. Ndiyo tunayotumia kwa fomu za Bodi.

Fundi_Aggrey

Hongera kwa hizo HP, Windows zake ni zako kihalali. Kama prosesa ni Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, zipandishe Windows 11 bila malipo, maana Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Dell usiitumie kwa fomu za watu kuanzia leo. Nakili mafaili kwenye diski ya nje, mafaili tu, usinakili programu. Halafu isafishwe kabisa na iwekwe Windows Pro kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kama ilitoka kiwandani na Pro, ikishika intaneti itajiwasha bila kukuomba ufunguo. Isipojiwasha, njoo nayo tuangalie ina ufunguo wa toleo gani. Baada ya hapo badilisha nywila zako zote zilizopita humo, na wateja wa Ajira Portal wapigie wabadilishe zao.

Kwa Office, ushauri wangu ni kadi moja ya Home and Business kwa HP ya tasnifu, kwa sababu vyuo vinataka faili la Word na jedwali likihama ukurasa mwanafunzi anarudishwa. Ukipewa ya 2019 ikatae hata kama boksi halijafunguliwa, huduma yake iliisha siku moja na Windows 10. Ya 2021 inaishia 13 Oktoba 2026, kwa hiyo bei yake ishuke sana. Tafuta ya 2024. Zile mashine mbili nyingine ziwekee LibreOffice, programu inayofanya kazi kama Office, ni ya bure na biashara inaruhusiwa. Barua, wasifu na mabango vinatoka vizuri tu.

Nina mteja, ofisi ya uhasibu Ilala, walifunga tawi na wana kadi za 2024 ambazo hazijakwanguliwa, risiti ipo kwa jina la kampuni. Nitawauliza kama wanauza. Wakikubali nitakuunganisha nao moja kwa moja, mkubaliane bei wenyewe, na kadi usiilipie mpaka uione imeingia kwenye akaunti yako.