Pikapu inapandisha joto Kitonga, nianzie wapi?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya dizeli, injini ya 3L, nabebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini. Miaka yote mshale wa joto unakaa chini kidogo ya nusu na hauchezi. Wiki ya pili sasa, nikianza kupanda mlima Kitonga na mzigo, gia ya pili, unavuka nusu kwa upana wa kidole. Nikishafika juu kwenye tambarare unashuka wenyewe. Gari halijachemsha, maji hayapungui, feni belti ni mpya. Fundi anataka atoe themostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) nitembee bila. Gari hili ndilo linalosomesha watoto wangu, naogopa kukosea.

Dereva wa Mchanga
Pole kaka. Ukiona mshale unapanda, tafuta pa kuegesha upumzike. Na mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa bado moto, mimi nina kovu la mkono mpaka leo.

Fundi wa Makambako
Mkuu, themostati usiitoe. Ya injini nyingi za aina hiyo ina sahani ya pili chini, ambayo injini ikipata moto inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiwa na wasiwasi nayo, ifungue, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto na uitazame: ikifunguka vizuri kabla maji hayajachemka, irudishe.

Dalili zako zinanielekeza kwenye upepo. Gari linalopata joto likienda polepole na mzigo, kisha likapoa barabara ikinyooka, mara nyingi feni haivuti au rejeta imeziba kwa nje. Rejeta iliyoziba ndani ingekusumbua hata ukikimbia. Usiku, weka tochi nyuma ya rejeta, mwenzako atazame kwa mbele. Mwanga usipopenya umepata jibu. Kisha, injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi, klachi ya feni (kifaa cha katikati kinachoishikisha feni na injini) imekwisha.

Mama Kilolo
Unatumia kulanti (dawa ya kupoza injini) au maji?

Mleta uzi
Maji ya bomba dada, tangu mwaka jana.

Mama Kilolo
Hapo pia pana kazi. Huku Iringa, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Kinachoyazuia ni presha ya mfuniko, kwa hiyo raba yake ikichoka huna akiba. Maji ya bomba yanaacha chokaa na kutu. Weka kulanti, nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, na ubadilishe mfuniko.

Dereva wa Mchanga
Asubuhi kabla hujawasha, minya pia mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu wakati injini imelala usiku kucha, wahi fundi apime gasketi ya silinda hedi.

Mleta uzi
Wakuu, mrejesho. Mpira asubuhi ulikuwa laini. Tochi haikupenya nusu ya chini! Kati ya rejeta na kondensa ya AC kulikuwa na mbegu za nyasi na matope yaliyokauka kama tofali, ya tangu masika. Tumeosha taratibu kutokea upande wa injini, presha ndogo mapezi yasipinde, ikachukua saa mbili. Leo nimepanda na mzigo uleule, mshale umegusa nusu kwenye kona za mwisho tu. Ila feni inazunguka kwa urahisi mno, na katikati yake kuna oili iliyoshika vumbi.

Fundi wa Makambako
Hiyo oili inatoka ndani ya klachi. Ibadilishe kabla hujabeba tena, na kava la plastiki linalozunguka feni lirudishwe mahali pake.

Mleta uzi
Sawa mkuu. Kesho naenda kuitafuta, themostati inabaki. Asanteni sana.