Nimealikwa mwaka mpya katika nyumba iliyofiwa hapa Japani: niseme nini mlangoni?

Mleta mada: Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni Mtanzania, nasoma lugha hapa Fukuoka, na familia iliyonipokea nilipofika imenialika kwao tarehe 1 Januari. Darasani tumefundishwa kwamba kabla ya mwaka kuisha watu huagana kwa "yoi otoshi o", na ukishaingia husalimiana kwa "akemashite omedetou gozaimasu". Shida ni kwamba babu wa nyumba hiyo alifariki Oktoba, na wiki iliyopita wameniletea kadi ya kijivu ambayo kanji zake nyingi, yaani herufi zenye asili ya China, zimenishinda. Nitamkaje salamu, na niende na nini, maana kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu?

Dada wa Saitama: Umefanya vyema kuuliza mapema, mdogo wangu. Kadi hiyo huitwa mochu hagaki. Wafiwa wanawaarifu watu kwamba safari hii hawatatuma kadi za mwaka mpya, yaani nengajo, kwa hiyo nawe usiwatumie. Ukitaka kuwaandikia, subiri tarehe 7 Januari ipite, kisha utume kanchu mimai, kadi ya kuwajulia hali wakati wa baridi. Neno "omedetou" ni la pongezi, liache kabisa. Sema "kotoshi mo yoroshiku onegai shimasu", ambayo ni kuomba muendelee kuwa pamoja kwa wema mwaka huu pia, na haina shangwe ndani yake.

Mimi nilipokuwa katika hali kama yako nilipeleka biskuti zilizofungwa mojamoja, kwa karatasi isiyo ya rangi za sherehe, nazo ziliwekwa kwanza mbele ya butsudan, madhabahu ndogo ya nyumbani yenye picha ya marehemu. Omba ruhusa ya kuwasha kijiti cha udi. Kikishika moto, mwali uzime kwa kupunga mkono, usiupulize, kwa sababu pumzi ya kinywani huhesabiwa kuwa si safi mahali pale.

Mwalimu wa jioni: Naunga mkono, na ninaongeza la matamshi. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, lakini urefu wake hubadili maana: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Mjane wa babu huyo utamwita obaasan, ukiivuta kama tunavyotamka "baa". Hodi yao unapoingia ndani ni "ojama shimasu".

Mleta mada: Nawashukuru sana, sasa nimeielewa ile kadi. Kuna wajukuu wawili. Je, niwape otoshidama, zile pesa za mwaka mpya?

Dada wa Saitama: Wewe ni mwanafunzi, hawakutegemei kwa hilo. Ukipenda kuwapa, tia kidogo katika bahasha nyeupe isiyo na mapambo, na uziite okozukai, pesa za matumizi.