Pesa za tiketi ya Ngomeni zivuke barabara ziingie Mji wa Kale, ama zisivuke?

Mtu akiuliza aone nini Mombasa, jibu huwa moja: Ngomeni. Sina ugomvi nalo. Ngome ya Yesu Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596, kwa mchoro wa Mtaliano, Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696, wakaingia Desemba 1698, na ndani watu walikuwa wamemalizwa na njaa na maradhi. Mwingereza naye akaifanya jela, 1895 hadi 1958. Kuta zilizopitiwa na hayo yote zina haki ya kutazamwa.

Mimi nauliza kinachofuata baada ya tiketi. Jumamosi nilikaa hapo nje na kahawa chungu na kashata. Likaja basi la hoteli, wakashuka wageni kumi na wanne. Kama saa moja hivi wakatoka, wakapigwa picha kando ya mizinga, mmoja akanunua dafu, wakapanda basi wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyetia mguu Ndia Kuu, njia ya kuingilia Mji wa Kale, nayo inaanzia pale pale.

Na huko ndani ndiko kunakobomoka. Nyumba ya marehemu nyanyangu iko Kibokoni, ya matumbawe na chokaa. Boriti za mkoko zimeliwa na mchwa, roshani tumeishikilia kwa kamba ya manila. Kubomoa nijenge kwa bloku siruhusiwi, kwa kuwa mtaa ni eneo la hifadhi. Kutengeneza kama ilivyokuwa siwezi, maana mbao ni ghali na fundi wa chokaa siku hizi hutafutwa kwa tochi. Yaani naambiwa niitunze historia ya watu wote kwa mfuko wangu peke yangu.

Hoja yangu: fungu la pesa za mlango wa Ngome litengwe kwa ukarabati wa nyumba hizi. UNESCO iliiorodhesha Ngome 2011, lakini Ngome bila mji nyuma yake ni ukuta na mizinga tu. Mnasemaje?

Mwongoza watalii:
Yakhe, usitulaumu sisi. Basi la Diani linakimbilia feri ya Likoni, dereva anakuhesabia dakika. Na sheria umeisoma? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti makumbusho, halafu kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa ikaipa serikali kuu. Ngome ni hivyo vyote viwili! Kwa hivyo fungu hilo utamwomba nani? Leo Makumbusho ya Taifa ndiyo inayoisimamia, na kuta zile zenyewe zinakula pesa, bahari haipumziki. Halafu tusemezane kweli: wako wenye nyumba wanaoziachia makusudi zianguke, wapate kujenga ghorofa. Huyo naye apewe fungu?

Mkaazi wa Mji wa Kale:
Wanangu, nyote mwazungumza kama kwamba sisi ni samaki wa kuangaliwa kwenye kioo. Mimi mlango wangu una nakshi. Asubuhi natoka kumwaga maji, nina kanga moja, nakuta mtu na kamera amepiga goti kizingitini. Hakubisha hodi, hakutoa salamu. Pesa nazitaka, ati. Wageni wa namna hiyo siwataki. Kwani lazima vije pamoja?

Wa Unguja:
Ndugu zangu wa Mvita, nyie mwataja Ngome kuorodheshwa na UNESCO, sisi Mji Mkongwe umeorodheshwa wote tangu 2000. Na Desemba 2020 Beit al-Ajaib likaporomoka upande, jengo ambalo hakuna mgeni asiyelijua, na watu wakafa. Orodha haizibi paa. Maji yakishaingia kwenye chokaa mwaka hata mwaka, hilo jengo ni la kuhesabiwa siku. Kama mfuko utakuwepo, uanze na mapaa na mifereji ya maji. Milango ya picha baadaye.

Mwenye hoja:
Bi mkubwa, hapo umenishika. Nilikuwa nafikiria wageni wapitishwe vichochoroni kote. Nalirudisha neno langu. Njia iwe moja inayojulikana: Ndia Kuu, Msikiti wa Mandhry kwa nje (unasemwa ni wa karibu 1570), Leven House na ngazi zake, kisha Bandari ya Kale. Wapite na mwongozaji wa mtaani, na kamera zisielekezwe milangoni mwa watu. Pesa ziingie hata mgeni akiishia getini, maana nyumba hizi ndizo zinazompa Ngome uso.

Kaka mwongozaji, la feri silikubali. Barabara ya Dongo Kundu ya kwenda kusini bila feri ipo, na saa moja ya ziada haimkoseshi mtu chakula cha usiku hotelini. Kuhusu wanaoziachia zianguke, kweli wapo, nami nawajua wawili. Basi mfuko usimpe mtu pesa mkononi. Umlipe fundi na muuza mbao, kazi ikishakaguliwa. La Katiba ndilo gumu. Kwangu mimi, yeyote atakayeshika mlango kati ya hizo serikali mbili, masharti ya fungu yawe yale yale na hesabu zibandikwe ukutani pale pale penye bei ya tiketi.

Na wa Unguja umesema kweli tupu. Jana nimepanda juu kutazama: boriti zimeanza kuliwa pale paa linapovuja, sehemu nyingine ni nzima kabisa. Wiki hii nakwenda kutafuta bati la kuziba kwa muda, japo najua hilo nalo lataka kibali.