Naomba ushauri: vigezo vya modeli ya dampa ya sumaku havitulii

Wakuu, habari za kazi. Kwenye mradi wangu wa uzamili naunda modeli ya kihisabati ya dampa (kifaa cha kupunguza mitikisiko) yenye mafuta yaliyochanganywa na punje ndogo sana za chuma. Ukipitisha umeme kwenye koili, punje hujipanga minyororo na mafuta yanakuwa mazito ndani ya milisekunde, ukizima, yanalainika.

Nilianza na modeli ya Bingham (msuguano usiobadilika ukijumlishwa na nguvu inayokua kadiri ya kasi). Nguvu ya juu kabisa inatoka vizuri, ila kasi ikikaribia sifuri data za maabara zinachora kitanzi kwenye grafu ya nguvu na kasi, wakati Bingham inaruka wima tu. Nikahamia Bouc-Wen, modeli ambayo nguvu yake hutegemea pia mwendo uliopita. Kitanzi kimepatikana, lakini kila nikibadilisha makisio ya kuanzia, vigezo vyake alfa, beta, gama na A vinatoka tofauti kabisa, na grafu zote zinalingana na data vilevile! Nimetumia njia ya miraba midogo (least squares), kisha algorithimu ya jeni (genetic algorithm), hali ni ileile. Toleo la Bouc-Wen lililopanuliwa na Spencer na wenzake mwaka 1997 lina vigezo 14; hilo kwa kweli naliogopa.

Je, niifunge A iwe 1 kwanza, ndipo nitafute vingine, au kuna kitu nitakipoteza?

La pili: alfa (inayoamua ukubwa wa nguvu ya kitanzi) niifanye iongezeke kwa mstari mnyoofu kadiri mkondo unavyopanda, au niweke fomula yenye kikomo? Nauliza kwa sababu kwenye vipimo vyangu, mkondo ukizidi ampea 1 nguvu karibu haiongezeki tena.

Natumia programu ya hesabu ya Octave. Anayetaka kuona data aseme, nitaziweka.