Mjadala: Cyclone Taylor aliisaliti Ottawa?

Mkereketwa: Wadau, Fred "Cyclone" Taylor, nyota wa hoki ya barafu wa Kanada, alitwaa Kombe la Stanley na timu ya Ottawa mwaka 1909. Msimu uliofuata huyooo, Renfrew! Kamji kadogo, ila dola 5,250 kwa mechi 12. Ottawa walishamtafutia hadi kazi serikalini. Kwangu huo ni usaliti.

BintiSaidi: Usaliti gani, kaka? Akiwa kijana, chama cha hoki cha Ontario kilimfungia kwa sababu tu alikataa kuchezea timu ya Toronto. Baadaye ndipo akavuka hadi Houghton, Michigan, kwenye ligi ya kwanza kulipa wachezaji waziwazi. Hoki ilikuwa jasho lake, na tajiri wa migodi O'Brien wa Renfrew alikuwa tayari kulilipia.

Mkereketwa: Waliomfungia si Ottawa. Usichanganye mambo.

Kipanga: Hiyo kazi ya serikalini mnayoipita juujuu ilikuwa uhamiaji. Mwaka 1914, akiwa afisa Vancouver, alikuwa miongoni mwa maafisa waliopanda meli ya Komagata Maru iliyoleta wahamiaji kutoka India. Abiria 376, wengi Masingasinga wa Punjab, walizuiwa majini miezi miwili, wakarudishwa karibu wote. Nyie mnagombania mshahara!

BintiSaidi: Yeye alikuwa mtumishi tu. Sheria ya kuwataka waje kwa safari moja bila kukatiza ilitungwa na wakubwa.

Kipanga: Mtumishi tu? Alipanda cheo hadi kamishna, na mwaka 1946 akavishwa nishani ya Uingereza ya OBE. Wale abiria walipofika Budge Budge, India, walimiminiwa risasi, wakafa kama 20. Babu zetu wengine wa Punjab waliletwa Mombasa na Mwingereza, mtawala wa India, kujenga reli, halafu wenzao Kanada wakaambiwa hawafai. Usiniambie "tu", dada.

MwanaTanga: Kanada yenyewe iliomba radhi bungeni mwaka 2016.

Kipanga: Baada ya miaka 102!

Mkereketwa: Jamani, nimeuliza habari za Renfrew.

BintiSaidi: Renfrew hawakuambulia hata kombe. Na Taylor aliwajibu Ottawa uwanjani: mwaka 1915, akiwa na Vancouver, waliwapiga mechi tatu mfululizo.

Kipanga: Ndiyo, Machi 1915. Miezi minane baada ya manowari Rainbow kuifukuza ile meli kwenye maji ya mji huohuo. Haya, endeleeni na mabao.