Acheni kututumia config.h za laptopu zenu!

Wadau wa Mombasa mnaoandika programu za bodi ndogo za kompyuta zenye kichakataji cha ARM, haya mambo sasa yamezidi. Mtu anakukabidhi hazina ya git (ghala la msimbo), unaifungua, unakuta config.h imo, config.status imo, Makefile imo, hata config.log yenye majina ya folda zake za nyumbani. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Piga make tu, kwangu inakubali." Kwako ni x86_64, kichakataji cha laptopu, bwana! Bodi iliyofungwa kwenye jokofu la samaki huko Likoni ni ARM ya biti 32.

Faili hiyo ya config.h si msimbo. Ni majibu ambayo configure (skripti inayokagua mashine kabla ya kujenga programu) iliyapata ilipoihoji kompaila ya mashine moja. Ndani imeandikwa `#define SIZEOF_LONG 8`, ilhali kwenye Linux ya ARM ya biti 32 long ni baiti 4. Mara nyingi kompaila hata haiguni. Programu inajengeka, inawaka, kisha inaanza kuandika rekodi za halijoto zilizopinda, na lawama zote anabebeshwa fundi wa sensa, kile kifaa cha kupimia joto. Maskini ya Mungu, sensa yake nzima.

Na asinijibu mtu kwamba ana folda ya pembeni ya kujengea. Ukiandika `#include "config.h"` kwa alama za nukuu, kompaila huanza kutafuta kwenye folda ilimo faili ya .c kabla ya kugusa -I yoyote (chaguo la kuitajia folda za kutafutia). Kama config.h kuukuu iko hapo hapo, ndiyo inayochukuliwa; ile mpya ya ARM iliyoko kwenye folda ya kujengea, build-arm, haiguswi. Mwongozo wa Autoconf (zana inayotengeneza configure) umewaambia siku zote muandike `#include <config.h>` na kuweka -I ya folda ya kujengea. Tena configure inayotumia Automake (zana mwenzake ya kutengeneza Makefile) hugoma kabisa ikikuta chanzo kimeshasanidiwa, ikakutaka upige `make distclean` ili kufuta vilivyosanidiwa. Nyinyi mnafanya nini? Mnafuta config.status peke yake, faili ambayo configure huitazama, ili kelele zikome, config.h mnaiacha!

Usafi wenyewe si kazi ya siku nzima. Piga `git rm --cached config.h config.status config.log Makefile`, majina hayo yatie kwenye .gitignore, kisha `make distclean`. Kwenye git baki na configure.ac na Makefile.am. Anayejenga atapiga `autoreconf -fi`, atafungua build-arm, ataingia humo na kupiga:

`../configure --build=x86_64-linux-gnu --host=arm-linux-gnueabihf`

--host ni mashine itakayoendesha programu, si hiyo iliyo mezani kwako. Kila aina ya mashine na folda yake, na config.cache (akiba ya majibu ya configure) msiazimane.

Majaribio ya AC_RUN_IFELSE, yale ambayo configure huendesha kijiprogramu ili ipate jibu, nayo ni balaa jingine. Programu ya ARM haiendeshwi kwenye x86, kwa hiyo configure ama inakwama ama inakisia. Autoconf za zamani hukisia vibaya kuhusu malloc (kazi ya C ya kuomba kumbukumbu), mwishoni unapata "undefined reference to `rpl_malloc'". Ukiwa na glibc (maktaba ya C ya GNU), mpe configure `ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes`. Lakini anayeandika configure.ac aache uvivu: ukubwa wa aina za data unapatikana kwa AC_CHECK_SIZEOF bila kuendesha chochote, na AC_RUN_IFELSE ina nafasi ya nne ya kuweka jibu la kutumika pale jaribio lisipoweza kuendeshwa. Ijazeni.

Wale mnaosakinisha config.h ndani ya /usr/include ili maktaba nyingine ziisome, nyinyi ndio wabaya zaidi, maana hapo uchafu unaingia kwenye programu za watu wasiowajua kabisa.

Anayebisha aende kwenye hazina yake, apige `git ls-files | grep -E 'config\.(h|status|log|cache)$'`, abandike matokeo hapa chini tuyaone.