Lami ya njia ya gari nyumbani imepauka na kupasuka: nipake nini kabla ya mvua?

Binti wa Shangani (Mtwara)

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa wenye ujuzi wa lami. Nyumba yetu ipo Shangani, na marehemu baba aliiwekea njia ya gari ya lami kutoka getini hadi kwenye banda mwaka 2015. Ina urefu wa mita 28 na upana wa mita 3, na tangu wakati huo haijapakwa kitu chochote. Weusi wake umetoka, imebaki kijivu kama jivu la mkaa. Mahali tunapoegesha gari, ambapo oili imedondoka kwa miaka, ukisugua kwa kisigino kokoto zinang'oka na kuacha unga mweusi. Karibu na geti upo ufa unaokatiza njia yote. Ndani yake zimeota ndago, na nikichomeka ufunguo wa mlango unazama nusu. Upande wa mwembe kingo zimemeguka.

Fundi mmoja amejitolea kunipakia lami iliyochanganywa na dizeli na oili chafu kwa bei ndogo, akaniahidi kwamba itarudi kuwa nyeusi kama mpya. Moyo wangu unasita, kwa sababu mama ni mtu mzima na hutembea kwa mkongojo, nami sitaki ateleze. Je, nikubali? Na je, ni chumvi ya bahari iliyoiharibu?

Mstaafu wa barabara (Lindi)

Mwanangu, usikubali. Nimefanya kazi za barabara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili linaniuma kila ninapoliona, kwa kuwa watu wanalipia kuharibiwa mali yao. Lami hutokana na mafuta ghafi ya petroli, na kwa hiyo petroli, dizeli na oili huiyeyusha. Ushahidi unao mwenyewe hapo unapoegesha gari: kokoto zinang'oka kwa sababu oili imelainisha lami iliyokuwa inazishika. Fundi huyo anataka kuifanyia njia nzima kile ambacho gari lako limekifanyia sehemu moja.

Chumvi ya bahari usiisingizie. Inakula nondo na mabati, lakini lami haiiogopi. Kilichoipausha ni jua na hewa, ambavyo hukausha ule utomvu unaoifanya inyumbuke, mpaka inakuwa ngumu na kuvunjika kama mkate mkavu. Hata hivyo, jua hufungua mlango tu. Anayeingia na kubomoa nyumba ni maji. Yakipita kwenye ufa yanafika kwenye moramu iliyoshindiliwa chini, moramu inalegea, na gurudumu linapopita lami inakosa pa kuegemea. Hizo ndago zinakwambia kwamba chini ya ufa unyevu haukauki. Sote tuliona Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, jinsi barabara ya Dar es Salaam ilivyokatika pale Somanga na mikoa yetu ikabaki bila njia. Maji yale yalikuwa makubwa, lakini tabia ya maji ni ileile hata getini kwako.

Kabla sijasema upake nini, nitazamie mambo matatu. Kwanza, ni lami nzito, yaani ile inayochanganywa na kokoto kiwandani, ikamwagwa ya moto na kushindiliwa, au ni lami nyepesi, ambayo humwagwa kwanza kisha kokoto zikatandazwa juu yake? Pili, mwaga ndoo ya maji sehemu isiyo na oili: yakiteleza na kwenda zake, bado haijahitaji kupakwa, yakinywewa ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi, imekauka. Tatu, tafuta kama kuna mahali nyufa zimefungamana kama gamba la kobe. Hapo msingi umeshakufa, na dawa yoyote ya kupaka juu itakuwa ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Mama wa Mikindani

Dada, mimi nilikubali mchanganyiko huo miaka minne iliyopita, tena nikamshukuru aliyenifanyia. Wiki ya kwanza ilipendeza sana. Ilipofika saa saba mchana, jua likiwa kali, kandambili za watoto zilikuwa zinanasa na kuvuka miguuni, na zulia la sebuleni likajaa nyayo nyeusi ambazo hazijatoka hadi leo. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliyoshuka barazani yalikuwa na utando wa rangi rangi wa mafuta, na mchicha wangu wa pembeni ukaungua. Mwaka uliofuata kokoto zilianza kutoka kwa chepeo. Ninakusihi kwa ajili ya mama yetu huyo mwenye mkongojo: usithubutu.

Binti wa Shangani (Mtwara)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana dada wa Mikindani. Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Ni lami nzito; kwenye kingo zilizomeguka unene wake unaonekana, kama sentimita nne, na kokoto zimo ndani yake tangu juu hadi chini. Maji ya ndoo yalinywewa kabla sijarudi na ndoo ya pili. Gamba la kobe sijaliona, ila nimegundua kwamba bomba la paa la banda linamwaga maji moja kwa moja juu ya lami, na yanatiririka hadi kwenye ule ufa wa getini. Ndugu yetu aliyeko Texas anasema huko watu hupaka dawa inayotokana na makaa ya mawe, na yuko tayari kututumia.

Mstaafu wa barabara (Lindi)

Marahaba, mwanangu. Umeupata ugonjwa wenyewe. Anza na bomba hilo kabla ya kununua chochote: lielekeze kwenye mtaro au kwenye bustani, mbali na lami.

Dawa ya makaa ya mawe mwambie ndugu yako asiitume. Ni kweli kwamba inastahimili oili, lakini ina kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani, nazo huchubuka kidogo kidogo na kusombwa na mvua. Jiji la Austin, hukohuko Texas, liliipiga marufuku tangu mwaka 2006. Maji ya Shangani yanaishia baharini, ambako watu wanavua.

Tafuta emulsheni ya lami kwa wakandarasi wa barabara. Ni lami iliyosambazwa ndani ya maji kwa vitone vidogo mno. Ukiipaka ni ya kahawia, na maji yanapojitenga inageuka nyeusi. Njia yako ina mita za mraba 84, na kwa makadirio ya nusu lita kwa kila mita utahitaji kama lita 42 kwa mpako mmoja. Ipakwe mipako miwili myembamba, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Mpako mmoja mzito huchelewa kukauka, huteleza, na baadaye hubanduka. Katika mpako wa juu mwambie fundi atie mchanga msafi uliochekechwa, ili mkongojo wa mama upate kushika. Ikiwa emulsheni itahitaji kupunguzwa makali, maji ndiyo yamiminwe ndani ya emulsheni, wala si kinyume chake, na yawe maji ya bomba yasiyo na chumvi. Visima vyetu vya pwani vingi vina chumvi, na maji ya namna hiyo yanaweza kuikatisha ikagandamana ndani ya pipa.

Lakini kupaka ni kazi ya mwisho. Ufa wa getini ung'olewe ndago pamoja na mizizi yake, ukwanguliwe kwa bisibisi, upulizwe vumbi na uachwe ukauke kabisa. Ujaze mchanga mkavu hadi ibaki kama sentimita moja, kisha uzibe kwa lami ya kuzibia nyufa. Pale pa oili, usafi wa sabuni hautoshi tena. Pakatwe pembe nne kwa patasi mpaka kwenye lami ngumu, kuta zisimame wima, zipakwe emulsheni, kisha pawekwe lami baridi, yaani ile iliyokwisha kuchanganywa na kokoto na inayotumika bila kupashwa moto, na kushindiliwa kwa tabaka. Kiraka hicho kiachwe angalau mwezi mmoja kabla ya kupakwa juu. Kingo za upande wa mwembe zishikiliwe kwa moramu iliyoshindiliwa sawa na uso wa lami, yenye mteremko kwenda nje. Mizizi usiikate ovyo karibu na shina, mti usije ukaangukia nyumba.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo viraka vifanyike Agosti na kupaka iwe Septemba. Pakeni asubuhi, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi, na gari lisipite kwa siku mbili. Baada ya hapo rudia jaribio la ndoo kila mwaka. Kwa kawaida utapaka tena baada ya miaka mitatu hadi mitano, si kabla, kwani mipako ikirundikana nayo hupasuka.

Binti wa Shangani (Mtwara)

Nimekuelewa, mzee wangu. Fundi wa paa anakuja Jumamosi kuhamisha bomba, na gari tumeliegesha nje ya geti, juu ya mchanga, na karai chini ya injini, mpaka tutakapobadilisha sili inayovuja.